Mizani ya Asubuhi

Kabla ya kahawa, kabla ya kumfungulia mbwa,
baba hupanda mizani miguu mitupu, ameshika ukuta.
Sabini na moja nukta nne. Naandika.
Jana ilikuwa sabini nukta tisa.
Nusu kilo ya maji imelala naye usiku
na hatukuisikia ikiingia.

Ilianzia mikononi. Vidole vikafa ganzi,
randa ikamponyoka karakanani Burträsk.
Wakampasua kiganja, wakashona, wakasema ni kazi.
Halafu miguu ikaumuka kama unga wa hamira
na ngazi kumi na mbili zikawa mlima.
Daktari wa kwanza alisema: pampu inasukuma vizuri.
Kweli, ilisukuma.
Hakuna aliyeuliza kama inapokea.

Ni Daktari Hjördis Lövgren, kule Umeå,
aliyeweka karatasi mbili sambamba:
pichani, kuta za moyo nene;
kwenye mchoro wa umeme, vilima vya mnong'ono.
"Haviendani," akasema. "Mama yako alikufa na nini?"
"Miguu," baba akajibu.
Huku kwetu husemwa hivyo, miguu, na mazungumzo huishia hapo.

Wakamdunga dawa ya mnururisho, wakangoja saa tatu nzima.
Moyo ukawaka kiooni kama mfupa.

Protini iliyokunjwa vibaya, walieleza,
imejipenyeza kati ya nyuzi za msuli.
Moyo unakunja, ila haukunjuki.
Nikacheka, kisha nikaona haya:
huyu, Evert Sandlund,
aliyemwachia jirani kuni za msimu mzima,
ndiye wa kukosa moyo mkunjufu!

Kipo kidonge cha kuituliza protini.
Hakibomoi ukuta, kinamzuia fundi asiongeze tofali.
Na kipo cha kukojoa, ambacho ni ugomvi wa kila siku:
kikizidi, anapepesuka bafuni;
kikipungua, maji yamefika shingoni.
Si msemo. Nauona mshipa ukijaa chini ya sikio.

Heringi wa chumvi tumewagawia watu.

Kwenye droo, chini ya daftari la uzani,
kuna bahasha yangu kutoka maabara ya jeni.
Wiki ya tatu sasa. Baba anajua. Hasemi.
Leo ameshuka, akaisukuma mizani kwangu kwa kisigino:
"Panda nawe."
Nimepanda. Sitini na mbili kamili.
Akachukua kalamu kwa vidole visivyohisi, akaandika.
Mbili yake imelala chali.