Kizigeu

Hakuna nafasi, inasema,
na hii ni barua ya mistari minne tu
ya Mwalimu Vugutsa, ya kuomba likizo.
Nimefuta picha za arusi za watu,
nimefuta matangazo ya mazishi ya mwaka juzi
(mtuwie radhi, marehemu, jamaa zenu walishalipa),
bado asilimia mia.

Na pale kando, kwenye diski hiyohiyo,
gigabaiti mia na themanini zimelala:
fungu la Lugalia, ndugu yangu,
michezo ya kandanda na mfumo wa kale
ambao haujawashwa tangu aende Nakuru kuuza vipuri.
"Usiguse," alisema. Sikugusa.
Ndivyo tulivyolelewa Maragoli:
jembe husimama penye mnyaa,
hata kama ng'ambo ni magugu matupu.

Nimempigia alfajiri.
"Mpaka gani?" akauliza, sauti imemkauka.
Wa diski, nikasema.
Akacheka hadi akakohoa.
"Chukua. Niachie kidogo. Niachie picha za mama."

Haya.
Ukuta hausogezwi na aliyelala chumbani.
Nikazima. Nikawasha kwa Linux iliyo kwenye flashi,
nyumba ikabaki bila mtu,
nami nikaitazama kwa juu kama mpima ardhi:
huku njano imejaa pomoni, huku weupe mtupu,
katikati mstari mwembamba kuliko uzi.
Nilikuwa nimenakili kila kitu. Mara mbili.
Nikaushika ule ukingo kwa kipanya, nikauvuta.

Dakika arobaini na saba zimesalia.

Hapo ndipo tumbo hukata.
Hapa Mbale mvua haipigi hodi,
radi ikikohoa Kaimosi stima inazimika kwetu,
na betri yangu ya akiba ina pumzi ya dakika kumi na mbili.
Faili zinavuka moja moja, zimejitwika mizigo,
na stima ikikatika sasa
hazitakuwa huku wala kule.

Mama Kisia akaingia, anataka nakala tatu za kitambulisho.
Ngoja kidogo, nahamisha mpaka.
Akashika kifua.
"Chifu anajua?"

Nilicheka peke yangu, jicho kwenye mawingu.
Ishirini. Tisa. Mbili, ambazo zilikaa mbili
muda wa kuchemsha chai na kuisahau.
Kisha alama ya kijani.

Nikawasha upya. Asilimia thelathini na nane.
Barua ya Vugutsa ikaingia
kama mtu mmoja kwenye kanisa la Jumatatu.

Jioni, mvua ikiwa imeshanyesha na kwenda zake,
ujumbe kutoka Nakuru:
"Na lile la nyumbani, tutalisogeza lini?"
Miaka kumi na mmoja kesi, na minyaa inazidi kunenepa.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika.
Lile, ndugu yangu,
bado sote tumelala ndani.