Dawa ya Mtu Mwengine

Nilikwenda hospitali ya Wete kumtolea damu mdogo wangu Riziki,
kajifungua pacha, kabaki mweupe kama unga wa muhogo.
Wakanifunga mpira mkononi, wakachukua kidogo,
wakaenda nayo chumba cha nyuma.
Waliporudi hawakunitazama usoni.
Damu yangu ilikataliwa
kama noti iliyochanika.

Ini, alisema daktari. Kirusi kimo kwenye ini.
Pengine nilizaliwa nacho.
Miaka arubaini na moja kimekaa ndani
bila hodi, bila kuaga,
kinafuturu nami, kinalala nami,
na mie nikiulizwa hali najibu: mzima, alhamdulillahi.

Dawa mpya? Akafungua kabati, akafunga.
Labda mwezi ujao. Labda meli ijayo.
Akatoa kopo lililopauka lebo.
"Hii ya zamani. Ilitengenezwa kwa maradhi mengine,
ikaonekana na huku yafaa."
Nikauliza: itakiua?
"Haitakiua. Itakilaza.
Na usikose hata usiku mmoja,
maana kikiamka, kitaamka kimeshajifunza."

Watu husema ya kale ni dhahabu.
Hii si dhahabu. Ni nyeupe, ina mstari katikati,
ikikwama kooni inaacha uchungu mpaka alfajiri.

Mama akaniandikishia kombe kwa maalimu wa Kipangani,
sahani nyeupe, wino wa zafarani.
Nikalinywa. Sikuona ugomvi baina ya sahani na kopo:
yote mawili yana maandishi nisiyoyaelewa
na yote mawili yanataka nimeze.

Kazi yangu kushona kofia.
Vile vitundu vyake twaviita viua,
kofia moja miezi minne, kiua baada ya kiua.
Daktari aliposema haiui nilicheka peke yangu njiani:
mie nyumbani nina viua elfu,
na hakuna hata kimoja kinachoua.

Usiku wa kumi na sita
Salhiya, jirani wa ukuta mmoja,
aliingia na bakuli la kurudisha.
Kidonge kilikuwa kiganjani.
Akakitazama kama mtu aliyemwona nduguye sokoni.
Kopo hakulisoma. Hakuhitaji.
"Hiki," akasema, "mbona nakijua."

Jasho.
Nikauona mtaa mzima wa Limbani unanong'ona,
kofia zangu zinarudishwa,
mume wa Riziki anawaondoa pacha mapajani pangu.
Nikaanza: si ule ugonjwa, Salhiya, ni ini,
wallahi ini tu, kamuulize daktari,
si ule —
Ulimi ulikwenda mbio kujitetea
na hakuna aliyenishitaki.

Alinisikiliza mpaka mwisho.
Akaweka bakuli chini.
Akafungua fundo la kanga, pale penye pesa za samaki,
na ndani ya kipande cha nailoni
kilikuwapo, cheupe, na mstari wake katikati.
"Miaka kumi na mmoja," alisema.
"Saa tatu ya usiku. Wanangu hawajui."

Na ile "si ule" yangu
ilikuwa bado imesimama katikati ya chumba,
haina pa kukaa.

Nikamimina maji. Bilauri ilikuwa moja.
Akanywa yeye, nikanywa mie.

Sasa vipimo vimeshuka.
Daktari kaandika tarakimu ndogo, akaizungushia duara.
Hajasema nimepona. Kabati bado lasubiri meli.

Ikifika saa tatu Salhiya hugonga ukuta kwa kijiko, mara moja,
nami hugonga kwa mkasi.
Juzi nilichelewa, nilikuwa nahesabu viua,
nimefika mia mbili na kitu.
Akagonga tena,
kwa hasira.