Daftari la Ghala Namba Tisa

Mwezi wa tatu gunia lilikuwa shilingi nne.
Nakumbuka kwa kuwa niliandika mimi,
na chai ya rangi ikamwagikia ukurasa,
ikaacha pete mpaka leo.

Kwa nne, Ndurya alibeba mia mbili kwa siku.
Aliingia Shimanzi giza halijapasuka
akatoka taa zimeshawaka tena,
bega limechubuka, kope zina vumbi la majani.

Mwezi wa nne chai ikapanda mnadani.
Meli tatu gatini, zote zina haraka.
Meneja akaniita, anatafuna kijiti:
"Weka sita. Nani hapendi pesa?
Utaona watakavyokesha."

Nikaweka sita. Nikapiga mstari chini yake.

Siku ya kwanza walikesha kweli,
ya pili pia.
Wiki ya pili, saa saba mchana,
Ndurya akavua gunia la kichwani, akalikung'uta:
"Karani, niandikie. Nimemaliza."
"Umemaliza nini? Lori liko nusu."
"Siku. Nimemaliza siku."

Nikahesabu vijiti: mia na thelathini na nne.
Mara sita, mia nane na nne.
Zile zile mia nane za mwezi wa tatu,
na shilingi nne za kashata.

"Mwanangu," akasema, "hunijua kwa kikohozi,
narudi amelala, naondoka amelala.
Leo navuka feri na jua, anione pua."

Meneja alisema: wavivu.
Alisema: ukimwongeza hamali, humpati.
Sikujibu. Nilikuwa namwandika mtu mpya.

Mbeyu, wa Mtongwe, mshona midomo ya magunia.
Kwa nne hakuwahi kukanyaga hapa:
nauli ingekula moja, mlezi wa mtoto angekula mbili,
iliyobaki haimnunulii hata sindano.
Kwa sita akaketi kitako, akapima uzi kwa mkono,
akaacha ndoo ya mabuyu kwa dada yake, akaja.

Basi bei ile ile
ilimfungulia mlango mmoja atoke
na mwingine aingie,
wakapishana pale getini wala hawakusalimiana.

Na Famau?
Famau kwa nne alibeba mpaka usiku,
kwa sita akabeba mpaka usiku.
Ana deni la maiti, la jeneza na gari la kumrudisha nduguye Lamu,
na deni halina saa saba.

Mwezi wa sita meli zikapungua.
"Weka tatu," akasema meneja,
kijiti kingine mdomoni.

Mbeyu hakuaga. Kiti chake cha debe kikabaki,
na sindano imechomekwa kwenye uzi.
Ndurya akarudi gizani kutafuta mia nane zake.
Kwa tatu zilitaka magunia mia mbili na sitini na saba.
Alifika mia mbili na arobaini na moja.
Hapo goti likakaa chini lenyewe,
bila kumwuliza.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini.
Hawakusema kivuli kinaanza saa ngapi,
wala nani anashika saa.

Sasa meneja anataka ripoti.
Tukiweka tano, watakuja wangapi?
Watabeba ngapi kila mmoja? Jaza kisanduku.
Nimeandika: Ndurya, ana mtoto wa miaka mitatu.
Nimeandika: Mbeyu, muulizeni dada yake.
Nimeandika: Famau, anadaiwa.
Haviingii kisandukuni. Nimeandika ukingoni,
pale penye pete ya chai.

Ni saa mbili usiku.
Mimi mshahara wangu ni wa mwezi, haujui magunia.
Saa hizi hakuna anayenilipa,
na bado nipo, nachonga penseli.