Kidole Gumba, Tartu

Tangu jana usiku sijaonja kahawa:
ndiyo masharti. Nimekuja na kichwa kizito,
theluji imenigandia visiginoni.
Leelo wa maabara ananivisha kofia ya kitambaa,
anaitia alama za wino
kama nilivyopiga mihuri posta, miaka thelathini.

Koili yake ina umbo la nane.
Tak.
Kidole gumba changu kikaruka.

"Umekirusha wewe?"
Mimi? Hata sikuwa nacho,
nilikuwa nawaza bei ya viazi.
Tak. Kikaruka tena, kibaraka cha watu,
kikiitika mwito nisioutoa mimi.

Kwenye fomu wameniandika: mzima.
Mgonjwa ni Heldur, aliyekaa wiki iliyopita
katika kiti hikihiki. Wakaongeza nguvu, wakaongeza,
sumaku ikagonga hadi fuvu likamwasha,
na gumba lake la kushoto limelala tu
kama barua isiyo na anwani.

Wamenilipa yuro kumi na kahawa.
Nimeinywa nusu. Nusu nimemfungia kwenye chupa.

Usiku nashika gumba lake,
nagonga ulimi: tak.
Halitikisiki.
Heldur anacheka kwa upande mmoja wa mdomo:
"Sumaku yako haina umeme, bibie."

Kidole kimoja hakivunji chawa, najua.
Basi nalisogeza lake hadi kwenye swichi ya taa,
naweka changu juu yake,
nabonyeza.
Giza.
"Umezima wewe?" namuuliza.