Swali la Kumi na Tisa

Ukuta mweupe ndio ofisi.
Nimeshusha kalenda ya duka la dawa, nikaacha msumari.
Kompyuta nimeiinua kwa pakiti mbili za unga
nisionekane kwa chini
kama mtu anayechungulia kisimani.
Chini ya ghorofa, fundi Mutinda anachomelea geti.
Nimemwachia mia mbili ya chai
anyamaze hadi saa kumi na moja.

Profesa wa Oslo alinipa dakika ishirini na mbili.
Alikuwa na theluji dirishani na jibu kwa kila kitu.
Yule wa Chile nilimkosa:
yeye alisema tatu, mimi nikasikia tatu,
na kati ya tatu yake na tatu yangu
kulikuwa na saa sita nzima,
nami ndani yake, na blauzi iliyopigwa pasi,
nikitazama jina langu likiwa peke yake kwenye skrini.

Leo ni Daktari Bhanwari, wa Nagaur, Rajasthan.
Kwangu saa kumi, kwake giza linaingia;
nyuma yake mtu anapita na sufuria.
Kiingereza chake na changu
ni wageni wawili wanaokutana mlangoni:
tangulia. Hapana, tangulia wewe.

Unaridhia nirekodi? Naridhia.
Nikutaje jina? Nitaje, na uliandike vizuri.
Miaka thelathini anapima maji ya visima.
Namuuliza miligramu ngapi kwa lita,
namuuliza mfupa huanza lini kupinda,
anajibu, na mtandao unamkamata katikati ya neno,
mkono juu, jicho moja limefumba.
Natoka. Naingia tena. Bado yupo,
anamalizia neno lile lile.

Swali la kumi na nane limekwisha. Nashukuru
kama ninavyoshukuru siku zote, midomo imebana.
Ndipo anauliza: "Na wewe, umekulia wapi?"

Katika karatasi iliyopitishwa na kamati ya maadili
hakuna nafasi ya mhojiwa kuuliza.

Ruai, namwambia. Kisima cha Gathungu,
mtungi shilingi mbili, maji matamu, baridi,
tuliyasifu hata kwa wageni.

"Nilijua," anasema. "Unacheka kama dada zangu."
Anaisogelea kamera hadi uso unajaa kioo,
anafunua meno:
kahawia, na mistari ya chokaa,
kama kikombe cha chai kisichosuguliwa.

Shuleni walikuwa wananiita Kutu.
Picha ya kuhitimu nimefunga mdomo,
ya harusi ya kaka nimefunga mdomo,
ya kitambulisho, hiyo ndiyo sheria, nikashukuru serikali.
Na sasa, ghorofa ya nne, Zimmerman,
mbele ya mwanamke nisiyejua hata urefu wake,
nikafungua.

Mutinda hakungoja saa kumi na moja.
Mashine ikanguruma, taa ikafifia,
sisi bado tumekenuliana.

Usiku nanakili. Dakika ya hamsini na moja
kinasa sauti kimenasa kiti, pumzi, chuma kikiungua.
Kwenye mabano naandika: kimya, sekunde kumi na nne.
Nafuta. Naandika: wanacheka.
Nafuta.
Msimamizi anataka nakala Jumatatu,
tokeni imebaki uniti mbili,
na ulimi wangu unapita juu ya meno, moja moja,
kama mtu anayehesabu.