Kiingereza cha Mama

Mama alijifunzia Kiingereza tanurini,
Kutaisi, saa tisa za usiku, viwiko vimejaa unga,
redio ya Nugzar ikikoroma juu ya gunia.
Neno aliloliokota aliliandika ukutani kwa mkaa:
machozi. mvua. rudi. usiku wa leo.

Kwetu "yeye" ni yeye tu, awe na ndevu au hereni.
Akashangaa: hawa, kabla hawajalia,
hutaka kwanza kujua aliyeondoka ni mume au mke?

Nikamsahihisha kwenye simu:
Mama, hapo kitenzi kinadai herufi mwishoni,
huyo mwimbaji kaimeza.
Akanijibu: Mwimbaji ana jumba. Wewe una cheti.

Basi lugha ikamwiva upande mmoja,
kama mkate uliobandikwa tanurini ukasahauliwa.
Aliweza kuachwa kwa nyakati zote:
ameachwa, alikuwa ameachwa, angaliachwa.
Bei ya vitunguu hakuweza kuiuliza.

Novemba akatua Dublin, jibini ikinuka mkobani.
Afisa, kijana mwenye mafua, akamuuliza
atakaa kwa muda gani.
Swali alilielewa lote.
Akapekua maneno yake ya muda;
wiki mbili hazimo, nani angeziimba?
"Milele," akasema,
kisha akaongeza "mpenzi,"
maana redioni hayo mawili hayaachani.

Nilikuwa nyuma ya kioo, nimeshika koti lake.
Yule kijana akapenga kamasi, akacheka,
akaacha kucheka,
akaenda kumwita mkubwa wake.