Isale Mezani

Aikaruwa hakupiga hodi.
Aliweka jani la isale juu ya leja yangu,
jani moja, limefungwa fundo,
bado lina umande wa Kidia,
kisha akakaa kwenye benchi
kama aliyeinjika kiburu na ana hakika kitaiva.

Mgrivea aliuangusha Jumanne.
Msumeno niliusikia mwenyewe, nikiwa hapahapa,
nikahesabu: dakika tisa na nusu,
halafu kishindo, halafu kuku.

"Niliupanda mwaka aliozaliwa Ndewirwa," anasema,
"ukiwa kama kijiti cha kuchokonolea meno.
Maji niliutilia kwa kata.
Wewe wakati huo unalowesha godoro la mama yako.
Leo unaniuliza kibali?"

Nauliza. Ndiyo kazi ninayolipwa.
Fomu ina nafasi ya aina ya mti, unene, sababu,
picha mbili, sahihi ya mwenyekiti,
sahihi ya bwana misitu
anayepanda kutoka Moshi mjini kila Alhamisi, mvua ikimruhusu.
Haina nafasi ya paa linalovuja
juu ya kitanda cha mtu wa miaka sabini na sita.
Aliomba mwezi wa pili. Sasa ni wa sita.
Fomu yake ninayo. Iko chini ya kikombe changu,
ina duara la chai pale penye sahihi.

Lakini na mimi niacheni niseme.
Sheria hii haikuanguka na mvua ya mawe.
Tuliipitisha sisi, kwenye ukumbi wa usharika,
mwaka ule mfongo ulipokauka hadi chini kwa Mmari,
tukaona changarawe ambazo babu zetu hawakuwahi kuziona,
na ndugu wawili, tumbo moja, wakainuliana majembe
kwa zamu ya maji ya saa nane usiku.
Kila mtu alikuwa amekata mti wake tu.
Mmoja. Wake. Kihambani kwake.
Mikono iliponyooshwa niliihesabu mimi,
na wa Aikaruwa ulikuwamo,
umevaa saa ya marehemu mumewe.

Namkumbusha.
"Niliunyoosha," anasema, "kwa ajili ya wenye misumeno.
Sikujua na mimi nitakuwa na paa."

Kimya. Nje pikipiki inalalamikia mlima.

Faini ni elfu hamsini. Naijua bila kufungua kitabu,
kama ninavyojua kwamba mbao zake
tayari ziko juu, zinanukia,
na jana usiku, mvua ilipokuja,
beseni lilibaki jikoni.

Serikali haina kifungu cha isale.
Ila mimi ni mtoto wa huku:
jani hili likishaletwa, hulirudishi.
Hata damu imewahi kutulizwa nalo.
Na ni hilihili tunalolipanda mpakani
kumwambia jirani, mguu wako uishie hapa.

Nalitazama. Sijui leo limekuja kwa kazi ipi.

Anafungua kona ya kanga. Pesa za ndizi,
noti laini kama majani ya maharage.
Namwachia ahesabu hadi elfu ishirini na tano,
namshika mkono,
natoa ishirini na tano zangu.

"Usinihurumie, mwanangu."

"Sikuhurumii, mama. Nalipia miezi minne."

Ananitazama muda mrefu kuliko msumeno ule.
Anavaa miwani, inayofungwa kwa uzi sikio la kushoto,
anasoma risiti mstari kwa mstari,
anafika penye Mkosaji,
ananirudishia.

"Hapa," anasema, "pamebaki nafasi. Andika na jina lako."

Kalamu ikagoma herufi ya kwanza.
Nikaipulizia.